Moto wa Mlima Kilimanjaro: aliyewasha ni mtu, kwa nini tuambiwe ni tabianchi?

Mjumbe_Kibosho

Salaam wanajukwaa, na shikamooni wakubwa zangu.

Mimi ni mjumbe wa kamati ya mazingira katika kijiji kimoja cha Kibosho, upande unaopakana na msitu wa hifadhi. Katika mkutano mkuu wa kijiji uliopita, ajenda ya kujiandaa na moto wa kiangazi iligeuka kuwa ubishi uliochukua muda wote uliobaki, na tukatawanyika bila azimio. Kijana mmoja aliyemaliza chuo alisema kwamba moto wa Oktoba 2020 na ule wa Oktoba 2022 mlimani umetokana na mabadiliko ya tabianchi. Mzee mmoja anayeheshimika sana kwetu akasimama, akamuuliza kama tabianchi ina mikono ya kuwasha kiberiti. Kisha akaongeza kwamba wataalamu hao hao walitangaza kuwa barafu ya Kibo, kilele kirefu cha mlima wetu, ingekwisha ifikapo mwaka 2020, na asubuhi ile kila mtu alikuwa ameiona kwa macho yake alipokuwa akija mkutanoni. Watu wengi walimpigia makofi, na kijana akakaa chini.

Kinachonisumbua ni kwamba baada ya hapo hata pendekezo la kusafisha mpaka wa msitu na kupanga zamu za ulinzi lilionekana kama jambo la wataalamu, likakataliwa pamoja nao. Mkutano ujao nimepangiwa kuzungumza. Naomba mnisaidie mambo mawili: je, ni kweli wataalamu walisema hivyo kuhusu barafu, na kama walisema, nimjibu nini mzee wangu bila kumvunjia heshima? Pili, ikiwa moto huwashwa na mtu, tabianchi inaingiaje katika habari hii?

Naomba kuwasilisha.

Mwalimu_Jiografia

Ndugu Mjumbe, kuhusu barafu mzee wako anasema kweli, na ningekushauri uanze kwa kumkubalia mbele ya mkutano. Mwaka 2000 Lonnie Thompson wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio, Marekani, alipanda Kibo na wenzake wakatoboa barafu na kuchukua sampuli zake. Mwaka 2002 wakaandika kwamba hali ikiendelea kama ilivyokuwa, barafu hiyo ingetoweka kati ya mwaka 2015 na 2020. Miaka hiyo imepita na barafu ipo. Makadirio yale hayakutimia, na anayejaribu kuyafunika ndiye anayewafanya watu wapige makofi yale uliyoyasikia.

Hata hivyo mkutano unastahili kusikia habari nzima. Barafu ya Kilimanjaro ilipopimwa kwa ramani mwaka 1912 ilikuwa na eneo la takriban kilomita za mraba 12, na kufikia mwaka 2011 ilikuwa imebaki chini ya kilomita za mraba 2. Thompson na wenzake walikosea tarehe, lakini mwelekeo waliouelezea unathibitishwa na mtu yeyote aliyekua akiutazama mlima huu na bado anautazama.

Jambo ambalo halisemwi kabisa katika mabishano yetu ni kwamba waliowapinga akina Thompson mapema na kwa hoja nzito walikuwa wanasayansi wenzao. Georg Kaser na Thomas Mölg wa Austria, pamoja na Douglas Hardy wa Marekani ambaye amekuwa akitunza vituo vya kupimia hali ya hewa juu kabisa ya barafu ya Kibo tangu mwaka 2000, walionyesha kwamba hewa ya kule huwa chini ya nyuzi sifuri karibu wakati wote, kwa hiyo joto la hewa pekee haliwezi kueleza kupungua kule. Walichokiona ni kwamba barafu inaliwa na jua na ukavu wa hewa, ikigeuka mvuke moja kwa moja bila kwanza kuwa maji, na kwamba theluji mpya ikipungua hali huwa mbaya zaidi, kwa kuwa weupe wa theluji hiyo ndio unaorudisha mionzi ya jua angani. Wakaongeza kwamba ukavu huo ulianza mwishoni mwa karne ya 19, wakati hewa ya ukaa ya viwandani ilikuwa bado kidogo. Wakati huo huo Kaser hakukana kwamba dunia inapata joto kwa sababu ya shughuli za binadamu. Alisema tu kwamba Kibo si mahali pazuri pa kutolea ushahidi wa jambo hilo, ilhali barafu za milima ya nchi nyingine zinafaa zaidi. Ubishi huo uliandikwa wazi na kusomwa na kila aliyetaka, na kwangu mimi ni sababu ya kuwaamini zaidi watu hawa, kwa kuwa hawakuficha tofauti zao.

Kuhusu swali la pili, mlimani kwetu moto huwashwa na watu: warina asali wanaotumia moshi, wapishi wa kambini, wanaosafisha mashamba, wawindaji haramu. Tabianchi haiwashi kitu. Inachoamua ni kama cheche iliyodondoka itakufa pale pale au itakwenda kilomita kumi. Kiberiti kinachotupwa msituni mwezi Aprili wakati wa masika hakifiki popote, ila kikitupwa Oktoba baada ya kiangazi kirefu, na vuli zikiwa zimechelewa, mnaweza kuzima kwa wiki nzima na bado kikaibuka upande mwingine. Kijana wako alizungumzia kilichobeba moto, mzee alizungumzia aliyeuwasha, na mkutano ukalazimishwa kuchagua mmoja wao.

Mpagazi_Mstaafu

Naomba nichangie kidogo kama mtu aliyebeba mizigo njia ya Marangu kwa miaka mingi.

Ule moto wa 2020 ulianza tarehe 11 Oktoba eneo la Whona, kati ya kambi za Mandara na Horombo, na taarifa za awali za TANAPA, yaani Shirika la Hifadhi za Taifa, zilisema wapagazi waliokuwa wakipasha chakula cha wageni ndio walioaminika kuusababisha. Sitabishana na taarifa hiyo hapa. Ninachotaka mfahamu ni jinsi moto wa kule unavyotembea, kwa sababu wengi wanaoubishania hawajawahi kuuona.

Juu ya msitu mkubwa kuna ukanda wa miti ya erika, mirefu kuliko mtu, na matawini mwake yananing'inia mandevu ya kijivu ambayo asubuhi yenye ukungu ukiyashika yanakulowesha mikono mpaka vifundoni. Kiangazi kikikaza, mandevu hayo hayo yanakuwa makavu kiasi cha kusagika vidoleni kama tumbaku. Moto ukipanda hapo haupiti chini tena, unaruka kwa juu, tawi kwa tawi, na upepo wa mchana unausukuma kuelekea mlimani. Mkiushinda juu, unaingia chini kwenye mboji na mizizi, mnaona majivu yaliyopoa na mnadhani kazi imekwisha, halafu alfajiri mnaona moshi mwembamba unatoka ardhini hatua chache nyuma yenu. Ndiyo sababu mamia ya watu walihitajika, wakiwemo askari wa hifadhi, wanafunzi wa chuo cha wanyamapori cha Mweka na wananchi wa vijijini, wengi wao wakiwa na mapanga, majembe na matawi mabichi tu, kwa kuwa gari la zimamoto haliwezi kufika kule.

Kwa hiyo nakubaliana na Mwalimu. Mimi si msomi, lakini najua mandevu yale yakiwa mabichi moto haupandi.

Chekecha_Arusha

Mwalimu, nimekusoma kwa makini na ninakuheshimu, lakini nadhani unawapunguzia mzigo wataalamu.

Kwanza, tangazo la mwaka 2002 lilizunguka dunia nzima, likatumiwa na wanasiasa wakubwa wa Marekani na mashirika ya kuchangisha fedha, na barafu yetu ikawa picha ya kila ripoti. Hao waliosema kwamba hali ni tofauti waliandika katika majarida ambayo hakuna mwananchi wa Moshi anayeyaona. Huwezi kutangaza kosa kwa kipaza sauti, ukalisahihisha kwa kunong'ona, kisha ukashangaa kwamba watu hawakuamini. Pili, vipimo vya setilaiti za Marekani vyenyewe vilionyesha kwamba eneo linaloungua duniani lilipungua kwa takriban robo kati ya mwaka 1998 na 2015. Kama dunia inaungua kidogo kuliko zamani, kwa nini tunaambiwa kwamba moto unaongezeka kwa sababu ya joto? Tatu, kuna video nyingi za moto wa Lahaina, Hawaii, wa Agosti 2023, zinazodai kwamba ule haukuwa moto wa kawaida bali uliwashwa kwa silaha ya siri. Sisemi kwamba ninaziamini, nasema watu wanaziamini kwa sababu maelezo rasmi yamewachosha.

Na la mwisho, ambalo kwangu ndilo kubwa: waliochoma makaa ya mawe kwa zaidi ya miaka mia moja ni wengine, Afrika nzima inatoa chini ya asilimia 4 ya hewa ya ukaa inayotolewa duniani, lakini anayekatazwa kuingia msituni na kuokota kuni ni mama wa Kibosho.

Mwalimu_Jiografia

Ndugu Chekecha, hoja yako ya kwanza naikubali yote, na sina la kuipunguza.

Ya pili ni takwimu sahihi, na ni vizuri umeileta, lakini angalia ni wapi upungufu huo ulitokea. Sehemu kubwa ni katika nyika za savana, hasa za Afrika, ambako nyasi zilizokuwa zikichomwa kila mwaka zimegeuka mashamba, malisho na makazi. Waliochapisha takwimu hiyo walieleza sababu hiyo hiyo. Hilo halimsaidii mtu anayekaa karibu na msitu, kwa kuwa nyasi zikiungua huota tena mvua zikinyesha, ilhali msitu wa milimani huchukua miongo kurudi, na ukichomwa mara kwa mara haurudi. Nchini Kanada mwaka 2023 ziliungua zaidi ya hekta milioni 15, eneo linalozidi mara kumi ukubwa wa mkoa wote wa Kilimanjaro, na sehemu kubwa ya eneo hilo iliwashwa na radi, hakuna mtu aliyeshika kiberiti. Ukijumlisha savana na misitu katika namba moja, hasara ya misitu hufichwa na nafuu ya nyasi.

Kuhusu Lahaina, matokeo ya uchunguzi wa idara ya zimamoto ya Maui yalitolewa Oktoba 2024, nayo hayahitaji silaha ya siri. Nyaya za umeme zilizokatika asubuhi zikiwa na umeme ziliwasha majani; moto ule ulidhaniwa umezimwa, kisha ukafufuka mchana kwa upepo mkali, na takriban watu 100 wakapoteza maisha. Majani yenyewe yaliota katika mashamba ya miwa yaliyotelekezwa, na baadhi yake ni aina za nyasi zilizopelekwa huko kutoka Afrika. Mtaona kwamba kuna cheche iliyosababishwa na miundombinu ya watu, kuna ardhi isiyotunzwa, na kuna upepo na ukavu. Anayetaka sababu moja tu hatapata moto hata mmoja unaomtosheleza, na nadhani hapo ndipo video hizo zinapopata wateja, kwa sababu zinatoa mkosaji mmoja mwenye sura.

Kuhusu mama wa Kibosho sina jibu la kisayansi. Sayansi inaweza kumwambia mtu kwamba msitu umekauka, lakini nani afungiwe lango ni uamuzi wa watu, na unapaswa kujadiliwa hivyo.

Mzawa_Marangu

Nashukuru Mwalimu kwa kumalizia hapo, kwa maana hapo ndipo ninapotaka kuanzia.

Wadogo zangu, nimeishi pembeni mwa msitu huu maisha yangu yote. Kulikuwa na ukanda tuliouita nusu maili, uliotengwa tangu mwaka 1941 ili wananchi wapate kuni, majani ya ng'ombe na mbao za matumizi ya nyumbani. Hifadhi ya Taifa ilipoanzishwa mwaka 1973 ilikuwa sehemu ya juu tu, msitu ukiwa chini ya mamlaka nyingine. Mwaka 2005 mipaka ikateremshwa na msitu wote ukaingizwa hifadhini. Sikatai kwamba nusu maili ilikuwa imekatwa vibaya katika baadhi ya maeneo, nimeyaona mwenyewe. Lakini mtu aliyekuwa na sababu ya kuingia msituni kila siku alikuwa wa kwanza kuona moshi, na alikuwa na sababu ya kukimbia kuuzima kabla haujafika kwenye majani ya ng'ombe wake. Leo mtu akiona moshi anajiuliza kwanza ataeleza nini akikutwa kule.

Ndiyo maana neno tabianchi likitoka kinywani mwa mtu wa ofisini linatuchoma. Linakuja wakati ambapo tunauliza kwa nini moto uliachwa usiku wa kwanza, kwa nini vifaa havikuwepo, na jibu linakuwa kwamba dunia imebadilika. Nami naona kwamba dunia imebadilika. Mfongo, yaani mfereji wa maji, uliokuwa ukipita kihambani, shambani kwa baba yangu, hauna tena maji Septemba. Lakini mabadiliko hayo yasiwe pazia la kumsitiri aliyetakiwa kununua pampu.

Kwa hiyo Mjumbe, yule mzee wako huenda hapingi sayansi hata kidogo. Muulize. Nina hakika atakueleza habari za ukame kuliko wataalamu wote, ila amechoka kuona kila jambo likipewa jina linaloondoa wajibu wa watu.

Mama_Kahawa

Wapendwa, nami niongeze la kwangu kwa ufupi. Katika kahawa hatuna nafasi ya kubishana sana, kwa sababu mti wenyewe unaonyesha. Mwaka 2015 ulichapishwa utafiti uliotumia kumbukumbu za miaka mingi za joto na mavuno ya arabika katika nyanda za juu za kaskazini mwa Tanzania, ukaonyesha kwamba kinachoumiza zaidi ni joto la usiku, na kwamba nyuzi moja ya ongezeko lake inapunguza mavuno kwa takriban kilo 137 kwa hekta. Nilipousoma nilielewa kwa nini miti yangu ya chini, karibu na barabara ya lami, inachoka kabla ya ile ya juu, ingawa mbolea ni ile ile na mkono ni ule ule. Sikuhitaji kuambiwa nimwamini mtafiti, kwa sababu alikuwa amepima kitu ninachokijua.

Mjumbe, labda mkutanoni uzungumzie vitu vya namna hiyo kuliko barafu, ambayo wengi wetu tunaitazama kwa mbali tu.

Mjumbe_Kibosho

Nawashukuru sana wakubwa zangu, kila mmoja kwa nafasi yake. Mzee Mzawa, nitakwenda nyumbani kwa yule mzee kabla ya mkutano, nikamsikilize.

Nina swali moja limebaki. Mzee alisema pia kwamba hata barafu ikiisha leo, mito haitakauka, kwa hiyo tunatishwa bure. Kijana alisema barafu ndiyo inayotunywesha. Nani yuko sahihi? Kwa sababu hoja ya maji ndiyo itakayowagusa watu kuliko zote.

Mwalimu_Jiografia

Katika hili mzee yuko karibu zaidi na ukweli. Maji ya barafu ni sehemu ndogo sana ya maji yanayotoka mlimani. Karibu yote yanatokana na mvua na ukungu wa ukanda wa msitu. Hata hivyo neno lake la kwamba tunatishwa bure halifuati. Andreas Hemp, mtaalamu wa mimea kutoka Ujerumani aliyeuchunguza mlima huu kwa miaka mingi, aliandika mwaka 2005 kwamba kupotea kwa msitu wa juu kutokana na moto ni tatizo kubwa zaidi kwa maji ya watu wa Kilimanjaro kuliko kuisha kwa barafu. Alikadiria kwamba tangu mwaka 1976 moto ulikuwa umekwisha kuondoa takriban hekta 15,000 za msitu huo, hasa ule wa erika, huku moto wa mwaka 1996 na 1997 ukiwa mkali sana, na kwamba hali ya ukavu ndiyo iliyouwezesha moto kuushusha mpaka wa juu wa msitu. Yale mandevu aliyoyaeleza Mpagazi ndiyo yanayokamua ukungu na kuudondosha ardhini hata siku ambayo mvua hainyeshi. Mti ukishaungua na nafasi yake ikachukuliwa na kichaka kifupi, ukungu unapita juu yake na kwenda zake.

Kwa hiyo ukiulizwa kuhusu maji, uache barafu kabisa, uwaonyeshe ukanda ule mweusi ulioungua unaoonekana kutoka kwenu.

Mpagazi_Mstaafu

Niongeze tu kwamba zamu za ulinzi zianze Julai, msingoje Septemba, na muwaweke warina asali ndani ya kamati badala ya kuwawinda, kwa kuwa wao wanajua njia zote na wanajua nani aliingia lini. Muwanunulie mabomba ya moshi yenye kifuniko. Wengi bado wanatumia mwenge wa majani.

Mzawa_Marangu

Hilo la warina asali naliunga mkono kwa nguvu. Na katika muhtasari wa mkutano, Mjumbe, tafadhali hakikisha ombi la kijiji kuhusu nusu maili linaandikwa kama ajenda inayojitegemea, lisimezwe tena ndani ya ajenda ya moto, na nakala ipelekwe kwa mtendaji wa kata na kwa mkuu wa hifadhi siku ile ile.